Ngoma ya Uwanjani: Nani Anaruhusiwa Kuingia?

Wahakiki tulio wengi, wanafunzi kwa walimu, tumezoea kuipima ngoma kwa swali moja tu: ni ya wapi? Ikiwa ni ya Wakurya, Wajita au Wazanaki, tunaibandika jina la "asilia" na kufunga daftari. Ikiwa imetoka ng'ambo, tunaiita kasumba, basi. Makala haya yanapinga kipimo hicho. Nadai kwamba swali la kwanza la mhakiki liwe hili: je, mtazamaji anaweza kuingia uwanjani akacheza?

Kipimo cha asili kina historia. Desemba 1962, akilihutubia Bunge kama Rais wa kwanza wa Jamhuri ya Tanganyika, Mwalimu Nyerere, mzaliwa wa Butiama, alisikitika kwamba wengi walikuwa wakijua rumba, chacha, twisti na hata walzi, lakini gombe sugu, kiduo au lelemama hawakuwahi hata kuzisikia. Hapo akatangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Hoja yake ilikuwa nzito, maana ukoloni ulikuwa umetufundisha kuona haya kwa vya kwetu. Hata hivyo, orodha ile inahitaji kutazamwa upya. Twisti, kwa mfano, ina mizizi kwa Weusi wa Marekani, watu walewale walioizua swingi iliyotamba Harlem, New York, katika miaka ya 1920 na 1930. Nao ni wajukuu wa Afrika. Kumbe asili peke yake haitufikishi mbali.

Penina Muhando na Ndyanao Balisidya, katika Fasihi na Sanaa za Maonyesho (1976), wanatupa zana bora zaidi. Kwao, sanaa ya maonyesho inahitaji mambo manne: dhana inayotendeka, mtendaji, uwanja wa kutendea na mtazamaji. Ninachoongeza mimi ni kwamba katika ngoma, mpaka baina ya mtendaji na mtazamaji ni sehemu ya fani yenyewe. Ukiusogeza mpaka huo, umeibadili kazi.

Nitoe mfano. Alasiri moja nilihudhuria ngoma ya bure mjini Musoma, katika kiwanja cha wazi kisicho mbali na ziwa. Wapigaji walikuwa Wakurya, na ala yao kuu litungu, ile kubwa ya nyuzi nane. Wachezaji walivaa viatu vya mbao vizito, kiasi kwamba kila hatua iliigonga ardhi ikaitika. Watu walijipanga duara bila kupangwa na mtu. Mama mmoja muuza dagaa akalitua beseni lake, akaingia. Hakuna aliyemuuliza kitu. Mpiga litungu alimtazama miguu, akapunguza kasi ili amfuate. Kijana mmoja naye akajitosa, hatua zikampotea, watu wakaangua kicheko; mzee mmoja akatoka akamwonyesha pa kukanyaga. Kwa dakika kadhaa pale, huwezi kusema mtunzi ni nani.

Kisha wakafika wageni waalikwa. Viti vikapangwa upande mmoja, kamba ikafungwa, kikundi kikageuka kuwaelekea wageni. Sisi wa upande wa pili tukabaki kuangalia migongo. Nyimbo zilikuwa zilezile, hatua zilezile, na kiingilio bado hakuna. Lakini yule mama alisimama nyuma ya kamba, mikono kifuani. Mhakiki wa fani na maudhui angeandika maelezo yaleyale kwa sehemu zote mbili: ala, mavazi, wimbo, hatua. Kamba asingeiandika. Kwangu mimi, kamba ile ndiyo iliyobeba maudhui.

Wapo watakaonipinga kwamba hata ngoma za jadi zina miiko; za jando na unyago, kwa mfano, si za kila apitaye. Ni kweli. Lakini miiko ile inatokana na kazi ya ngoma yenyewe, na jamii inaijua tangu zamani. Kamba ya Musoma ilitokana na cheo cha waliokaa.

Tunaiona sura hiyohiyo katika historia ya taifa. Kikundi cha Ngoma cha Taifa, kilichoundwa katika miaka ya 1960, kilizitoa ngoma za makabila vijijini kikazipandisha jukwaani. Faida ilikuwepo: Mjita aliweza kuiona ngoma ya Mmakonde na kuihesabu yake. Ila aliiona akiwa amekaa. Wakati huohuo, kwenye kumbi za dansi, lile lililolaumiwa kuwa la kigeni, aliyelipa kiingilio aliinuka akacheza. Tukalifanya la kigeni kuwa la kushiriki, na la kwetu kuwa la kutazama! Hili lapaswa kutukosesha usingizi kuliko twisti.

Kwa hiyo nawaomba wenzangu mnaokwenda kukusanya fasihi simulizi Bunda, Musoma, hata Butiama kwenyewe: msiishie kuandika jina la ngoma na kabila lake. Chora uwanja. Andika nani alisimama wapi, nani aliingia, nani alizuiwa, na nani aliyemzuia. Bila mchoro huo, tutaendelea kusifu uhai wa ngoma ambazo wenyewe tumeshawatoa ndani yake.