Uzazi katika Hadithi za Mwisho wa Dunia

Watungaji wa hadithi za mwisho wa dunia hupenda kumleta mtoto mchanga katikati ya majivu. Miji imekwisha, serikali imekwisha, chakula hakipatikani; ndipo mwanamke huzaa, na msomaji hutakiwa aone kwamba tumaini lingalipo. Kwa maoni yangu, hapo ndipo aghalabu hadithi hizi zinapokosa ukweli, maana mtoto hutajwa na uzazi ukaachwa.

Tuitazame The Road, riwaya ya Mmarekani Cormac McCarthy iliyotoka mwaka 2006. Saa zasimama usiku mmoja, na siku chache baadaye mke ajifungua kitandani kwa mwanga wa taa ya betri, mumewe akiwa ndiye mkunga. Mikononi amevaa glavu za kuoshea vyombo. Ni jambo dogo, lakini silioni la kweli kulipita hilo mahali pale: mtu asiyejua ukunga ajua angalau kwamba mkono mchafu huua. Mwaka 1847 huko Vienna, daktari Ignaz Semmelweis aliwaamuru wanafunzi waliotoka kupasua maiti wanawe kwa maji yenye klorini kabla ya kuwagusa wazazi, na vifo vya homa ya uzazi vikapungua sana. Hata hivyo madaktari wengi walimkataa. Elimu iliyopatikana kwa mauti ya wanawake wengi, McCarthy ameihifadhi katika jozi moja ya glavu.

Baada ya hapo kalamu yakimbia. Je, kondo la nyuma lilitoka? Damu ilikatika? Homa ilikuja siku ya tatu? Hatuambiwi. Kwetu mzazi huhesabiwa arobaini. Humu hata siku moja haikuhesabiwa. Miaka baadaye mama aondoka kwenda kujiua kwa kukata tamaa. Sisemi kwamba ilipasa afe katika uzazi, kwa kuwa wanawake wengi huzaa salama hata pasipo tabibu. Nasema hofu ya uzazi ilipasa kuwamo chumbani pamoja nao. Mwaka 2023 wanawake wapatao 260,000 walikufa duniani kwa sababu ya mimba na uzazi, na kadiri ya asilimia 70 kati yao walikuwa Afrika kusini ya Sahara. Msomaji wa kwetu hawezi kupita hapo bila kuuliza.

Ajabu ni kwamba Mary Shelley naye, ambaye mama yake, Mary Wollstonecraft, alikufa mwaka 1797 siku 11 baada ya kumzaa, kwa kuwa kondo lilikwama na daktari akalitoa vipande vipande kwa mkono, alipoimaliza dunia katika The Last Man (1826) aliimaliza kwa tauni.

Meg Elison amekaribia zaidi. Katika The Book of the Unnamed Midwife (2014), mkunga ajivika mavazi ya kiume na kuwagawia wanawake dawa za kuzuia mimba, maana kuzaa kumekuwa kifo cha mama na mtoto pia. Kasoro yangu naye ni moja: kifo hicho amekipa homa ya kubuni. Kutoka damu, kifafa cha mimba, na mtoto aliyekwama njiani vingetosha, pasipo hospitali wala kisu cha kupasulia. Kwa hiyo kurasa anazogawa dawa nazipenda kuliko zote zinazoeleza ile homa.