Uhakiki wa Kanuni ya Ugawaji wa Vihatarishi: Karakana ya Mabasi Yaendayo Haraka ya Jangwani, Dar es Salaam

Katika machapisho mengi kuhusu usimamizi wa vihatarishi katika miradi ya umma, kanuni moja hurudiwa bila kuhojiwa: kila kihatarishi kikabidhiwe mhusika mwenye uwezo mkubwa zaidi wa kukidhibiti. Sehemu hii inaihakiki kanuni hiyo kwa kurejelea karakana ya Jangwani, iliyojengwa katika awamu ya kwanza ya Mradi wa Mabasi Yaendayo Haraka jijini Dar es Salaam.

Kimuundo, awamu hiyo iligawa majukumu bayana. Ujenzi wa njia yenye urefu wa takribani kilomita 21 ulisimamiwa na TANROADS. Usimamizi wa mfumo ukawa wa Wakala wa Mabasi Yaendayo Haraka (DART). Uendeshaji, ulioanza Mei 2016, ukakabidhiwa UDART. Mwaka 2018 jiji lilipata Tuzo ya Usafiri Endelevu. Hata hivyo, karakana ilikuwa ndani ya bonde la mto Msimbazi, na katika misimu ya mvua kubwa maji yaliingia humo, yakaharibu mabasi na kukatiza huduma.

Mafuriko hayo hayawezi kuitwa dharura isiyotabirika. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu wasiopungua 40 jijini, na Serikali ikawahamishia waathirika wa mabondeni Mabwepande, kwa hoja kwamba mabondeni si mahali salama pa kuishi. Pamoja na hayo, karakana ya umma ilijengwa katika bonde lilelile. Inaweza kujibiwa kwamba Jangwani ni eneo la wazi, kando ya Barabara ya Morogoro na karibu na katikati ya jiji, ilhali ardhi ya kwingineko ingehitaji fidia. Jibu hilo lina uzito, lakini linathibitisha udhaifu unaohakikiwa hapa: unafuu wa ardhi ulihesabiwa upande wa ujenzi, na gharama ya maji ikaangukia upande wa uendeshaji.

Kanuni husika huchukulia kwamba kihatarishi huanza pale mkataba unapoandikwa. Cha Jangwani kilizaliwa katika uteuzi wa eneo. Mwendeshaji hana uwezo wa kuzuia mto. Mkandarasi alikwisha kukabidhi kazi. Wakala hana mamlaka juu ya taka na mchanga vinavyoujaza mto kutoka juu. Waliobaki kubeba mzigo ni abiria na mlipakodi. Mradi wa Uendelezaji wa Bonde la Msimbazi, uliopata fedha za Benki ya Dunia mwaka 2022, unahusisha daraja jipya la Jangwani na uhamishaji wa karakana; yaani, umma unalipia eneo lilelile mara ya pili.

Kwa hiyo, tasnifu hii haiikatai kanuni ya ugawaji, bali inaiwekea sharti. Kabla ya kuuliza nani abebe kihatarishi, rejista ya vihatarishi ioneshe nani alikizalisha, kwa uamuzi upi, na iwapo uamuzi huo bado unaweza kubatilishwa.