Lionel Hakustahili Saa ya Linda

Nimeitazama tena Evil Under the Sun ya mwaka 2001, ile ya David Suchet, na hasira zangu ni zilezile. Kisiwa kipo, hoteli ipo, maiti ipo ufukweni, Poirot anatembea kwa hatua zake fupifupi. Lakini Linda Marshall hayupo. Mahali pake amewekwa mvulana aitwaye Lionel, na kwa badiliko hilo moja hadithi imeng'olewa msumari ulioishikilia.

Wapo watakaoniambia mtoto ni mtoto, na chuki kwa mama wa kambo haichagui jinsia. Waniwie radhi, tufuate saa.

Mnaukumbuka mpango wa wauaji, Patrick na Christine Redfern. Maiti inayoonekana kwanza si maiti. Ni Christine, kajipaka rangi ya mwili uliounguzwa na jua, kofia kubwa ya Arlena, mama wa kambo wa Linda, imemfunika kichwa. Patrick anajifanya kuigundua mbele ya shahidi, anamtuma shahidi akaite watu, Christine anatimua mbio, kisha Patrick anamnyonga Arlena mwenyewe aliyekuwa amejificha pangoni. Ili Christine asitiliwe shaka, lazima apatikane mtu wa kuapa kwamba muda ule walikuwa pamoja kwingine. Katika riwaya ya Agatha Christie ya mwaka 1941, mtu huyo ni Linda. Christine anaisogeza mbele saa ya Linda kwa dakika 20, anamuuliza ni saa ngapi, binti anaitazama na kujibu kwa moyo safi. Baadaye Christine anairudisha ilivyokuwa. Utetezi wake wote umening'inia kwenye mkono wa msichana wa miaka 16.

Christie hakuokota umri na jinsia hiyo barabarani. Mwanamke aliyeolewa, mpole, mwenye ngozi isiyovumilia jua, anamchukua binti wa mgeni mwenzake waende kuchora na kuogelea. Katika hoteli ya wageni wachache wanaochunguzana kuanzia kifungua kinywa hadi usiku, nani atageuza shingo? Hakuna, na ndiyo maana mpango unafanya kazi. Mweke mvulana anayebalehe na uone kama meza zote za hoteli hazitanong'ona. Wauaji waliopanga kila dakika wasingechagua shahidi wa kuwavutia macho.

Kuna na la moyoni. Linda anamwangalia Arlena, mwanamke mzuri anayevuta kila jicho ufukweni, kisha anajitazama mwenyewe na umbo lake ambalo bado halijakaa sawa. Wivu huo wa binti kwa mama wa kambo ndio unaomfikisha kwenye sanamu ya nta na sindano. Arlena anapokufa kweli, Linda anaamini uchawi wake ndio umeua, na anajaribu kujitoa uhai kwa dawa za usingizi. Christine ameiona hatia hiyo na kuichochea, maana binti akifa, lawama inabaki kwa binti huyo. Hapo ndipo tunapoujua ubaya wa Christine. Mwondoe Linda, na Christine anabaki mke mwovu wa kawaida mwenye mbio nzuri.

Naielewa hesabu ya waandaaji. Daktari anasema marehemu alinyongwa na mikono mikubwa, ya mwanamume, kwa hiyo mvulana anaongeza idadi ya washukiwa. Lakini hesabu hiyo inakula mtaji wake. Shahidi wa muda hapaswi kuwa mtu ambaye watazamaji wamesukumwa wamshuku tangu mwanzo, kwa sababu neno la mshukiwa halimkingi mtu. Ukimtia Lionel kwenye orodha ya washukiwa, umeitilia shaka saa aliyoisoma, na ukishaitilia shaka saa, umeuonyesha mlango ambao Christie aliuficha kwa ustadi mkubwa.

Tazameni filamu ya mwaka 1982 ilivyoishughulikia saa hiyohiyo. Anthony Shaffer, mwandishi wa skripti, aliongeza mzinga unaolia saa sita mchana. Mzinga haudanganywi kama saa ya mkononi, kwa hiyo Christine, aliyeigizwa na Jane Birkin, anamkumbusha Linda asisahau kofia ya kuogelea. Kofia inaziba masikio, binti hasikii mlio, uongo wa saa unapona. Sentensi moja ya upendo wa mtu mzima kwa mtoto, na ndani yake kisu! Huko ndiko kuongeza kitu kwenye kazi ya Christie. Shaffer naye aliacha mengi ya riwaya, lakini alijua nini hakiguswi.

Na kwa kuwa tumefika mwaka 1982, niseme tena nilichosema mara nyingi: hoteli ya hadithi kama hii inahitaji mwenye hoteli. Maggie Smith, kama Daphne Castle, anapokea wageni huku macho yakiwapima, anashindana na Arlena wa Diana Rigg kwa wimbo wa Cole Porter, na burudani nzima inapata nyumba. Mwaka 2001 Poirot anaanguka kwenye mgahawa wa rafiki yake Hastings, anapelekwa kisiwani kutibiwa, na hoteli inageuzwa mahali pa kupunguza uzito. Badala ya wageni tukapewa wagonjwa.

Halafu Hastings, Japp na Miss Lemon! Christie hakuwaweka kwenye riwaya hii. Msaidizi wa mpelelezi lazima awe na kazi, kama Najum alivyo na kazi kwa Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla. Hapa wamebebwa kwa mazoea, na dakika walizokula zilikuwa za Linda.

Suchet ni bora kama kawaida, na kupiga picha Burgh Island, kisiwa cha Devon kilichompa Christie wazo, ulikuwa uamuzi sahihi.

Lakini mkono uliozoea kubadilisha hauishii kwa mtoto. Miaka mitatu baadaye ITV, iliyoonyesha filamu hii ya Suchet, katika The Body in the Library ilimbadilisha mmoja wa wauaji wawili. Joan Hickson aliifanya hadithi hiyo BBC mwaka 1984 bila kuhitaji muujiza huo, na mpaka leo ndiyo ninayompa kijana anayetaka kujifunza jinsi fumbo linavyofungwa.

Atakayeiandaa tena Evil Under the Sun ana ruhusa yangu kuhamisha kisiwa, kubadili nyimbo, hata kumfuta Hastings, tena hilo namsihi. Linda abaki msichana, awe na miaka 16, na saa iwe mkononi mwake.