Jicho la Mwenye Kusifu

Rafiki yangu mmoja aliwahi kunipa mswada wa mashairi yake niusome kabla hajaupeleka kwa mchapaji. Nilimrudishia siku ya tatu, nimeandika pembeni neno moja tu la Kiingereza: "fascinating". Alifurahi sana. Nami nilifurahi, maana neno lile liliniondolea kazi ya kumwonyesha beti zenye vina vya kulazimisha. Kitabu kikatoka vilevile kilivyokuwa, na wasomaji hawakukionea haya kama mimi.

Baadaye nilifungua kamusi. Neno lile limetokana na "fascinare" ya Kilatini, yaani kuroga, hasa kwa jicho au kwa ulimi. "Fascinum" ulikuwa ndio uroho huo wa uchawi, na pia hirizi ya kuukinga. Hirizi yenyewe, msomaji aniwie radhi, ilikuwa na umbo la uume. Watoto walivishwa, na Pliny Mzee anaeleza kuwa ilining'inizwa hata chini ya gari la jemadari aliyerudi na ushindi, imkinge na husuda. Katika shairi la Virgil, mchungaji analalamika kwamba kuna jicho linawaroga wanakondoo wake. Catullus naye anataka mabusu yasiyohesabika, ulimi mbaya usipate pa kushika.

Sasa tazama nani anamroga nani. Kwa Warumi, mwenye kutazama ndiye mrogaji. Kinachotazamwa ndicho kinachodhurika. Sisi tumeligeuza neno juu chini. Leo shairi ndilo linaloniroga mimi, na mtu aliyerogwa haulizwi kitu. Kwa mhakiki hicho ni kichaka kizuri cha kujifichia, na nimewaona wengi humo, si mimi peke yangu.

Warumi walikuwa na neno "praefiscini", ambalo mtu alilitanguliza alipotaka kusifu, ili sifa yake isilete madhara. Mtu wa pwani hana haja ya kufafanuliwa hilo: nani atamsifu mtoto mnono wa jirani bila kusema mashallah? Mimi niliusifu mswada wa mwenzangu mkavu mkavu, tena bila kuutazama sawasawa.

Juzi ameniletea mswada wa pili. Nimefika ukurasa wa 12, penseli mkononi, na pembeni pameshajaa maandishi. Bado sijui nitamkabidhi kwa uso gani.