Mkono wa Mwenzako Ukiinuliwa

Katika ndondi, mchezo uliopendwa kwa miaka mingi mjini Nakuru na katika mitaa yake kama Bondeni, upo ufundi ambao majaji hawautolei pointi, nao ni ule wa kukubali kushindwa: aliyeshindwa husimama kando ya refa huku mkono wa mwenzake ukiinuliwa, kisha huenda hadi kona ya mpinzani kuwasalimu wasaidizi wake. Hatua hizo chache, ambazo watazamaji hawazioni kwa kuwa macho yao yako kwa mshindi, hudai nidhamu kuliko raundi zilizotangulia, kwani mwili ungali moto na moyo ungali unabisha.

Philip Waruinge, bondia wa Nakuru wa uzani wa unyoya, yaani usiozidi kilo 57, alishindwa katika nusu fainali ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968 na Antonio Roldán, mwana wa nchi mwenyeji, majaji watatu dhidi ya wawili. Alipata shaba, lakini akatunukiwa Kombe la Val Barker, tuzo ya bondia aliyewapita wote kwa ufundi. Miaka minne baadaye, katika fainali ya Munich, majaji waligawanyika vivyo hivyo, na dhahabu ikaenda kwa Boris Kuznetsov wa Muungano wa Kisovieti.

Kukubali matokeo, basi, si kukiri kwamba yalikuwa ya haki. Ni kukiri tu kwamba mwenye mamlaka ya kuamua ameshaamua. Asiyekubali kushindwa si mshindani, ingawa methali hiyo, kwa bahati mbaya, hupendwa zaidi na walioshinda. Katika siasa za Kenya pia, mgombea urais Uhuru Kenyatta aliukubali ushindi wa Mwai Kibaki Desemba 2002 kabla mwenzake hajaapishwa, na Raila Odinga mwaka 2013 aliiheshimu hukumu ya Mahakama ya Juu kuhusu uchaguzi wa urais bila kuficha kwamba hakuridhika nayo yote. Kati ya miaka hiyo ulikuwapo uchaguzi wa 2007 uliobishaniwa, na katika ghasia zilizofuata Nakuru ilizika watu wake Januari 2008.

Siku hizi lalamiko la kuibiwa huwa tayari kabla kura hazijahesabiwa. Vyama huwafunza mawakala kulinda kura, jambo ambalo ni la lazima, lakini ni nadra mgombea kufunzwa hotuba ya pili, ile ya kumtakia heri mpinzani, hivyo inapohitajika huwa haijaandikwa.