Kisu Shambani mwa Kabichi

Mkulima wa Lushoto au wa Kinangop hubonyeza kabichi kwa kiganja ajue kama imefunga. Mtaalamu wa kuboresha mbegu hubonyeza vilevile, ila yeye ana swali la pili: uzito huu umetoka wapi?

Kulijibu kunataka uvumilivu ambao nauheshimu kuliko fani nyingi zenye sifa. Mmea mmoja baada ya mwingine, hupima upana wa majani, huhesabu majani ya nje yasiyofunga, huandika siku za kukomaa, kimo cha kichwa na kipenyo chake. Halafu hukipasua. Shina la ndani likiwa refu na nene, mizani itasoma vizuri, lakini mpishi atatupa sehemu ya alichonunua.

Ugumu wenyewe unaanzia hapa. Mmea wenye majani mapana ya nje mara nyingi huwa na kichwa kizito, na mwenye haraka atachagua majani. Kumbe pengine samadi ilirundikana pale, mmea ukanenepa kila upande. Mwaka 1921 Sewall Wright, mwanajenetiki wa Marekani, alieleza namna ya kuutenganisha uhusiano wa sifa mbili: kiasi gani kinatoka kwenye sifa yenyewe, na kiasi gani kinapitia sifa nyingine. Mwaka 1959 watafiti Dewey na Lu waliitumia njia hiyo kwenye mavuno ya mbegu za nyasi za malisho, na wanaoboresha mazao, kabichi ikiwemo, wanaitumia hadi leo. Sifa inaweza kuonekana rafiki wa mavuno, kumbe nguvu yake yote inapitia kipenyo cha kichwa. Ukiichagua hiyo peke yake, utavuna majani.

Na kichwa kikishapasuliwa, mmea bora umepotea? La. Kisiki huachwa ardhini, nacho huchipua. Kikipata wiki kadhaa za baridi, hutoa maua. Ua la kabichi kwa kawaida hukataa chavua ya mmea wake, kwa hiyo anayetaka kuudumisha uzao huo hufungua tumba kwa kibano kabla halijachanua, akalipaka chavua kwa mkono. Tumba baada ya tumba! Hiyo ndiyo kazi iliyomo ndani ya kopo dogo la mbegu ambalo tunalilalamikia bei.

Mbegu nyingi za kabichi tunazopanda Afrika Mashariki huzalishwa ng'ambo, na sifa iliyoleta mavuno kule si lazima ilete mavuno kwenye udongo na mvua zetu. Kwa hiyo nawaomba wakuu wa vyuo vyetu vya kilimo: wapeni wanafunzi vitalu vya majaribio nyanda za juu, mizani na kisu, na muwape misimu ya kutosha.