Tope la Ikowa na Ng'ombe wa Kondoa

Mvua ya Dodoma ni haba, lakini ikija huja kwa kishindo. Kwa mwaka mzima hunyesha milimita 570 hivi, nyingi kati ya Desemba na Aprili, tena kwa dhoruba chache zinazoangukia ardhi iliyokauka kwa miezi mingi na kubaki wazi. Anayetaka kuhifadhi misitu ya miombo, malisho au mabwawa ya nyanda hizi za kati hukutana kwanza na swali moja: maji hayo yanapoteremka, yanaondoka na udongo kiasi gani, na udongo huo unaishia wapi?

Wanasayansi wamelijibu swali hilo kwa zaidi ya miaka 80, kila kizazi kwa kipimo chake. Majibu yao yanapowekwa pamoja yanaonekana kupingana. Hapo ndipo penye somo kubwa la utafiti huu: ukubwa wa eneo linalopimwa huamua kile mtafiti anachokiona.

Kipimo cha kwanza kilifanyika Mpwapwa, kwenye kituo cha mifugo, katika miaka ya 1930. R. R. Staples alitenga vipande vidogo vya ardhi kwenye mteremko wa asilimia 6. Kipande kimoja kilikuwa kichaka kisichochungwa, kingine kililimwa nafaka, kingine kikaachwa kitupu bila jani. Maji na udongo uliochukuliwa kutoka kila kipande vilikusanywa chini ya mteremko na kupimwa. Miaka iliyofuata H. J. van Rensburg aliiendeleza kazi hiyo, na mwaka 1955 akachapisha matokeo yake.

Tofauti ilikuwa kubwa mno. Penye kichaka, asilimia 0.4 tu ya maji ya mvua ndiyo iliyotiririka juu ya ardhi, na udongo haukuondoka. Penye nafaka, maji yaliyotiririka yalifika asilimia 26, na udongo uliopotea ukawa tani 78 kwa hekta kwa mwaka. Kwenye kipande kitupu, nusu ya mvua ilipotea na kubeba tani 146 kwa hekta, sawa na unene wa karibu sentimita moja ya udongo wa juu kila mwaka. Mteremko ulikuwa mmoja na mvua ilikuwa ileile. Kilichotofautiana ni kile kilichoifunika ardhi.

Takwimu za Mpwapwa zilinukuliwa baadaye katika vitabu vya mmomonyoko duniani kote. Lakini kipande kidogo cha ardhi kina upungufu wake: kinaeleza udongo unaoondoka mahali pale, hakielezi unakofika.

Sehemu hiyo ya pili ilishughulikiwa na mradi wa pamoja wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu cha Uppsala cha Sweden, ulioendeshwa kati ya 1968 na 1972. Anders Rapp, Len Berry, Carl Christiansson na wenzao walichagua njia rahisi. Walitumia mabwawa yaliyokuwepo tayari kuzunguka mji wa Dodoma: Ikowa, Matumbulu, Msalatu na Imagi. Bwawa hukusanya tope la eneo lote linalolimwagia maji. Ukijua lilijengwa lini na kina chake cha mwanzo, ukakipima kina cha sasa kwenye mistari iliyonyooka kutoka ukingo hadi ukingo, tofauti kati ya vipimo hivyo viwili ndiyo tope lililoingia. Gawa kwa miaka, gawa kwa ukubwa wa eneo, umepata wastani wa kila mwaka bila kusubiri mvua hata moja.

Ikowa, linalopokea maji ya eneo la zaidi ya kilometa za mraba 600, lilipata tope la chini kidogo ya meta za ujazo 200 kwa mwaka kutoka kila kilometa ya mraba. Matumbulu, bwawa la eneo dogo sana lililo karibu na vilima, lilipata zaidi ya 700. Kwa mabwawa yote mawili hofu ilikuwa moja: yalikuwa yanajaa tope, na umri wake wa kuhifadhi maji ulikuwa unakatika.

Sasa linganisha na Mpwapwa. Tope la Ikowa, likigeuzwa kuwa uzito, halizidi tani 4 kwa hekta. Shamba la nafaka la Mpwapwa lilipoteza tani 78. Je, mpimaji mmoja alikosea? Hapana. Ni kweli kwamba eneo la Ikowa lina vichaka na malisho pia, si mashamba tu, lakini sababu kubwa ni njia ambayo udongo hupita. Sehemu kubwa ya udongo unaong'oka mlimani haifiki bwawani. Hutua chini ya kilima, hutandazwa kwenye mbuga, hujaza mabonde kwa mchanga. Kadiri eneo lilivyo kubwa, ndivyo zinavyokuwa nyingi sehemu za kutua njiani. Kwa hiyo mpimaji wa bwawa anayesema "mmomonyoko ni mdogo" atakuwa amesahau mchanga wote uliobaki katikati, na mpimaji wa kipande anayezidisha tani zake kwa wilaya nzima atakuwa amehesabu mara nyingi udongo ambao haujatoka wilayani.

Watafiti waliutambua mtego huo, ndiyo maana hawakutegemea bwawa peke yake. Walilinganisha picha za angani za miaka tofauti. Walichunguza mizizi ya miti iliyoachwa juu ya ardhi: ukijua umri wa mti na kimo cha mzizi uliofichuka juu ya ardhi, unakadiria unene wa udongo ulioondoka tangu mti huo uote. Kazi hiyo iliwaonyesha kwamba karibu na Dodoma adui mkubwa hakuwa korongo linaloonekana na kila mpita njia. Alikuwa maji mepesi yanayoteleza juu ya ardhi tupu na kuibandua kidogo kidogo.

Kaskazini, katika vilima vya Irangi wilayani Kondoa, makorongo yalikuwa makubwa kiasi kwamba hayakuhitaji mizani. Mwaka 1973 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, maarufu kama HADO, kwa msaada wa Sweden. Ulianza kwa kuchimba makinga maji na kupanda miti. Tatizo likajitokeza mapema: ng'ombe walikanyaga makinga maji na mbuzi wakala miche. Mwaka 1979 ukachukuliwa uamuzi mzito. Mifugo yote, takriban 90,000, iliondolewa katika eneo la kilometa za mraba 1,256. Mwaka 1986 hatua kama hiyo ilichukuliwa Mvumi, kusini mwa mji wa Dodoma.

Kwa mtazamo wa sayansi, hilo lilikuwa jaribio kubwa ajabu: kichaka kisichochungwa cha Staples kilipanuliwa hadi kufunika eneo zima lililofungwa. Nyasi zilirudi. Backéus, Rulangaranga na Skoglund, waliochapisha utafiti wao wa mimea ya miteremko hiyo mwaka 1994, walieleza jinsi miti na vichaka vilivyoongezeka pale palipokuwa pamechungwa kupita kiasi. Mito ya mchanga ilitulia, na baadhi ya wakulima wakaanza kulima viazi vitamu kwenye mchanga ule ule uliotoka milimani.

Lakini jaribio hilo lilikosa kitu ambacho Mpwapwa ilikuwa nacho: kipande cha kulinganisha. Mifugo iliondolewa kila mahali kwa mara moja, wakati makinga maji na miti vikiendelea kuongezwa. Ni vigumu kutenganisha kazi ya nyasi na kazi ya koleo. Zaidi ya hapo, ng'ombe hawakutoweka. Wengi walipelekwa kwa ndugu na marafiki nje ya mpaka wa mradi, na ardhi iliyowapokea haikupimwa kwa bidii iliyotumika Kondoa. Hesabu ya uhifadhi inayoishia kwenye mpaka wa mradi ni nusu ya hesabu. Nusu nyingine ililipwa na familia zilizokosa maziwa, samadi na ng'ombe wa kulimia kwa miaka kumi, hadi ufugaji wa ndani wa ng'ombe wachache wa maziwa uliporuhusiwa mwaka 1989.

Swali la nani aliyeiharibu Kondoa nalo lilihitaji kipimo kirefu zaidi. Mats Eriksson na wenzake walichukua sampuli za matabaka kutoka Ziwa Haubi na kutoka kwenye udongo uliotua chini ya vilima. Umri wa matabaka ya chini ya vilima waliupima kwa mwanga: punje ya mchanga iliyofukiwa gizani hujichaji kidogo kidogo kama betri, na ikimulikwa maabara hutoa mwanga unaoonyesha imekaa gizani muda gani. Tabaka moja liliwekwa kati ya miaka 14,500 na 11,400 iliyopita, hali ya hewa ilipobadilika kutoka ukavu kuwa unyevu, bila jembe wala zizi. Jingine lilianza angalau miaka 900 iliyopita na linahusishwa na wakulima na wafugaji. Mmomonyoko wa Kondoa una historia ndefu kuliko ng'ombe wa mwaka 1979 waliobebeshwa lawama zote.

Leo kazi imehamia kwenye visiki. Kupitia mradi wa Kisiki Hai, shirika la LEAD Foundation pamoja na Justdiggit la Uholanzi, tangu 2018, huwafundisha wakulima wa Dodoma kuchagua machipukizi bora kwenye kisiki kilichokatwa, kupogoa mengine na kuyatunza yaliyobaki. Mizizi tayari iko ardhini, na mkulima hahitaji kununua miche wala kumwagilia. Faida yake kwa utafiti pia ni kubwa, kwa sababu mashamba yenye visiki vilivyotunzwa yako jirani na mashamba yasiyotunzwa, ndani ya mvua moja na udongo mmoja. Kipande cha kulinganisha kilichokosekana Kondoa kipo.

Kinachohitajika ni kukitumia mapema, kabla jirani hajamwiga jirani na tofauti ikapotea. Wapimaji wa Chuo Kikuu cha Dodoma na wa halmashauri wanaweza kuanza kwa gharama ndogo: kukusanya maji na udongo chini ya mashamba hayo mawili kwa misimu kadhaa, kuipima mizizi iliyofichuka, kurudi Ikowa na Matumbulu kwa mashua na kamba ya kina ili kulinganisha na vipimo vya miaka ya 1970, na kuifuata mifugo inakohamia pale malisho yanapofungwa. Ukiacha hiyo ya mwisho, kila moja ya kazi hizo imeshafanyika mara moja mkoani humu, na njia zake zimeandikwa.